Malipo kwa Ajili ya Kacey

KACEY: Haloo? Nani mwenzangu?

HASLAM: Ni mimi.

KACEY: Mimi nani? Namba siijui. Na kama unauza bima, sina gari, sina nyumba, sina hata paka.

HASLAM: Haslam. Bosi wako. Napiga kwa simu ya dukani, si yangu.

KACEY: Ah! Bosi, samahani. Shikamoo.

HASLAM: Marahaba.

KACEY: Lakini leo Jumatano. Nusu siku. Si tumefunga saa saba—

HASLAM: Najua tumefunga saa ngapi, bucha ni langu. Uko wapi?

KACEY: Nyumbani. Nimetoka nje kwenye ngazi, chumbani mtandao haushiki. Kuna nini? Nimesahau kuzima mashine ya kusaga?

HASLAM: Mashine imezimwa. Uko peke yako?

KACEY: ...Swali gani hilo, bosi?

HASLAM: Jibu.

KACEY: Niko peke yangu na ndoo ya mtu ya kudekia. Unanitia wasiwasi.

HASLAM: Vizuri. Mimi ninao tangu asubuhi, sasa tugawane. Una miaka mingapi?

KACEY: Nini?

HASLAM: Mtandao umekata au umesikia?

KACEY: Nimesikia. Ishirini. Mbona unajua? Mwezi wa tatu Bi Avril aliniletea keki.

HASLAM: Keki si ushahidi. Mwokaji huandika unachomwambia.

KACEY: Bosi, mimi ndiye niliyejiokea keki sasa? Mkeo ndiye aliyeniuliza, nikamwambia, akaweka mishumaa. Kuna mtu amekwambia kitu?

HASLAM: Fishwick. Yule mwenye bucha Radcliffe. Nimekutana naye machinjioni asubuhi, tunasubiri nguruwe wetu. Unajua na yeye ana mwanagenzi, mtu wa kujifunza kazi kama wewe, kwenye chuo hichohicho chenu.

KACEY: Namjua. Yule kijana anayefunga soseji kama anafunga kamba za viatu.

HASLAM: Huyo. Tukawa tunasikitika wote wawili. Chuo kimefungwa ghafla, wanagenzi wamebaki hewani, hakuna anayepokea simu. Mimi nikasema, angalau ile nusu ya kwanza ya pesa za motisha niliwahi kuipata kabla hawajafunga. Akaniangalia kama nimemuuzia nyama ya paka.

KACEY: [ndoo inaanguka]

HASLAM: Upo?

KACEY: Nipo.

HASLAM: Akaniuliza, pesa gani, Gordon? Nikamwambia pauni mia tano, zile serikali inazompa mwajiri akichukua mwanagenzi, zinapitia chuoni. Akacheka mpaka akashika ukuta. Anasema zile ni kwa ajili ya watoto, walioanza kazi chini ya miaka kumi na tisa. Wake alianza akiwa na ishirini na moja, Fishwick hakupata hata ya kununulia uzi. Sasa wewe ulikuja kwangu umeshatimiza kumi na tisa. Ulisema wewe.

KACEY: Na ni kweli.

HASLAM: Basi kwa nini nililipwa?

KACEY: Labda... labda walikosea. Chuo chenyewe kilikuwa kinakufa, bosi. Walikuwa wanakosea hata majina yetu.

HASLAM: Mtu anayekufa njaa hakosei kwa kugawa mkate.

KACEY: [mkwaruzo] ...sijasikia, unakatika.

HASLAM: Unanisikia vizuri sana. Sikiliza. Nilirudi nikapiga simu chuoni, inaita mpaka inakata. Nikaendesha mpaka Rochdale. Mlango umefungwa kwa mnyororo. Nikachungulia kwenye kioo, ua limekauka, kikombe cha mtu bado kiko mezani. Nikapiga simu ya serikali. Wamenisubirisha kwa muziki wa kinanda mpaka nikamaliza kusafisha ndoano zote. Mwisho mama mmoja akaniambia, habari za mwanagenzi hawezi kunipa, nimuulize mwenyewe. Nimuulize mwenyewe! Serikali ina siri na wewe, chuo kina siri na wewe, na mimi ninayekulisha pai kila mchana ndiye nisiyejua kitu.

KACEY: Alisema siri?

HASLAM: Hakusema. Alinyamaza kama unavyonyamaza wewe sasa hivi.

KACEY: Mimi sijanyamaza.

HASLAM: Kacey, kama una miaka kumi na saba, niambie leo.

KACEY: Kumi na saba! Bosi, nina meno ya busara!

HASLAM: Sicheki. Unajua ni nini kinachoniogopesha? Msumeno wa mifupa. Aliye chini ya kumi na nane hauwashi bila mtu kumsimamia. Wewe umekata mbavu kwenye ule msumeno tangu Septemba, mimi niko mbele nauza, nimekugeuzia mgongo. Ungejikata kidole wangenifunga jela.

KACEY: Nina miaka ishirini. Njoo na Biblia. Njoo na chochote.

HASLAM: Basi mlipika umri mwingine wa kuandika kule. Wewe na mwalimu wako Desmond.

KACEY: Desmond hana kosa.

HASLAM: Ehee! Mbona umemtetea haraka hivyo?

KACEY: Kwa sababu ni mwalimu mzuri na amepoteza kazi kama wengine.

HASLAM: Siku ile alipokuja kukukagua. Mkaingia kwenye gari lake jekundu, mvua inanyesha, nusu saa nzima. Mlango ulipofunguka ulitoka macho mekundu. Mlikuwa mnapanga nini?

KACEY: Vitunguu.

HASLAM: Ndani ya gari?

KACEY: Vya kabla ya gari.

HASLAM: Binti, usinichezee. Siku hiyo tulikuwa tunatengeneza nyama ya ulimi. Haina kitunguu hata kimoja.

KACEY: Na mimi nikuulize?

HASLAM: Hujanijibu.

KACEY: Nakuuliza tu. Chuo kimefungwa. Ile nusu ya pili pengine haiji tena, au itachelewa. Sasa ghafla mimi si mimi, umri si wangu, keki si keki. Huenda unatafuta sababu ya kuniacha, bosi. Sema tu.

HASLAM: Nani kasema kukuacha?

KACEY: Hakuna anayesema. Huanza hivihivi, kwa maswali.

HASLAM: Mimi nilikuchukua kabla sijajua kuna pesa yoyote. Ilipoingia Desemba nilifikiri benki imelewa. Ndipo Desmond akaniambia ni za motisha, niseme asante.

KACEY: Basi ungesema asante.

HASLAM: Nilisema! Nikanunulia mota ya friji! Ile ya chumba cha baridi iliyokufa wiki ya batamzinga wa Krismasi, unakumbuka tulivyokimbizana na barafu? Ile mota ndiyo hiyo pesa. Sasa wafilisi wa chuo wanapekua kila senti iliyotoka. Wakija kwangu wakisema ulipokea pesa za mtoto ambaye si mtoto, nitawapa nini? Niwafungulie mlango nichomoe mota?

KACEY: Hawatakuja.

HASLAM: Umejuaje?

KACEY: Najua tu.

HASLAM: Hapo ndipo unaponiua. "Najua tu." Kesho asubuhi mama wa chuo kipya cha Bolton anakuja dukani kuchukua sahihi yangu. Bila sahihi yangu hawakuhamishi.

KACEY: Bosi, kesho ndiyo mwisho. Wamesema wazi, nafasi ni chache na watu wa chuo kilichofungwa ni wengi. Usipotia sahihi kesho, miezi yangu yote ya kisu imekwenda na maji.

HASLAM: Ndiyo maana nakupigia leo na si keshokutwa. Siwezi kutia sahihi kwenye jambo lenye harufu. Pua yangu ndiyo iliyonifikisha hapa, nyama na watu.

KACEY: Kwa hiyo hutii sahihi.

HASLAM: Sijasema hivyo. Nipe namba ya mama yako.

KACEY: ...Ya nini?

HASLAM: Nimuulize alikuzaa lini. Mama hadanganyi mwaka wa uchungu wake.

KACEY: Hana simu.

HASLAM: Mwaka huu? Hata kasisi wa kaburini ana simu.

KACEY: Ya kwake imeharibika.

HASLAM: Jumamosi ulimwambia Avril mama alikupigia simu kuyasifu maini.

KACEY: Imeharibika Jumapili.

HASLAM: Kacey.

KACEY: Na anaumwa pia. Koo. Hawezi kuongea.

HASLAM: Kacey! Kila Jumamosi tangu uje, Avril anafunga kifurushi. Chopu mbili za nguruwe, maini, soseji ya damu. Anaandika juu, "Mama Kacey". Sisi hatujawahi kumtia machoni. Hajawahi kuingia dukani hata kununua yai. Mama gani haji kuona mwanawe anafanya kazi wapi?

KACEY: Ana shughuli.

HASLAM: Anaumwa au ana shughuli?

KACEY: [mkwaruzo] ...vyote—

HASLAM: Basi nakuja. Gari liko nje. Nitampa pole ya koo na nitamuuliza swali moja tu.

KACEY: Usije.

HASLAM: Dakika kumi nimefika.

KACEY: Usije, bosi! Nakuomba. Usije huku.

HASLAM: Kwa nini nisije? Kuna nini huko? Umemficha nani?

KACEY: Sijamficha mtu!

HASLAM: Basi kwa nini—

KACEY: Hakuna mtu wa kumuona! Hakuna. Ukija utakuta mlango, kitanda, na birika. Umeridhika?

HASLAM: Amefariki?

KACEY: Sijui. Nadhani hapana. Yuko Hull, au alikuwepo. Sijamuona tangu nikiwa na miaka sita. Nililelewa na halmashauri ya mji, kama watoto wote wasio na wa kuwalea. Nyumba hii, halafu ile, halafu nyingine. Watu wengine wazuri, wengine basi tu. Nilipotimiza kumi na nane wakanipa hiki chumba na funguo. Sasa unajua. Serikali inamlipa mwajiri anayemchukua mtu kama mimi, hata akiwa amevuka ule umri wa Fishwick. Hakuna umri uliopikwa. Pesa ni zako halali, na mota yako ni halali.

HASLAM: Na Desmond...

KACEY: Desmond ndiye aliyeniuliza kwenye gari. Akaniambia, ukikubali, bosi wako atapata pesa, lakini itabidi ajue kwa nini. Nikamwambia pesa apate, lakini sababu asiijue. Akasema si utaratibu. Nikalia. Akasema basi, atapitisha atakachoweza, kilichobaki nitakisema mwenyewe siku nikiwa tayari.

HASLAM: Na siku hiyo haikufika.

KACEY: Imefika leo. Umeileta na gari.

HASLAM: Kwa nini hukusema tu? Mimi ningefanya nini?

KACEY: Kabla ya kwako nilikuwa kwenye mkahawa, pale karibu na soko. Nilisema. Siku ya kwanza kabisa, kwa sababu niliambiwa ukweli ni mzuri. Basi pesa ya droo ikipungua, wanaanza na mimi. Kijiko kikipotea, wanaanza na mimi. Sukari ikiisha mapema, Kacey, fungua begi. Nilichoka kufungua begi, bosi.

HASLAM: [kiti kinavutwa]

KACEY: Haloo?

HASLAM: Nipo. Nafikiri.

KACEY: Unafikiri nini?

HASLAM: Kwamba leo kitu kimeninukia, na mimi nimeanza na wewe.

KACEY: Sikusema mimi.

HASLAM: Hapana, nimesema mimi. [anakohoa] Sasa... swali moja.

KACEY: Bado lipo?

HASLAM: Maini aliyakula nani?

KACEY: ...Mimi.

HASLAM: Yote?

KACEY: Na vitunguu. Hivyo ndivyo vitunguu vyenyewe. Chopu pia ni mimi. Jumapili yote naishi kama malkia.

HASLAM: Na soseji ya damu?

KACEY: Bosi, tuliache hilo.

HASLAM: Soseji ya damu, Kacey.

KACEY: Nampa jirani wa juu. Bi Zofia, mama wa Kipolandi.

HASLAM: Unampa. Yote?

KACEY: Mimi... siipendi. Samahani.

HASLAM: Huipendi? Soseji ya damu ya Haslam? Watu wanapanda tramu kutoka Manchester! Babu yangu alipewa kombe kwa ile soseji! Na wewe miezi yote hii unaniangalia usoni, "Mama anasema ni tamu, mama anasema ongeza"—

KACEY: Bi Zofia ndiye anayesema ni tamu! Hilo si uongo! Anasema tu pilipili manga imepungua.

HASLAM: Imepungua? Yeye nani?

KACEY: Anasema kwao hutiwa zaidi.

HASLAM: Mwambie kwao ni kwao. Imepungua! Hebu... zaidi kiasi gani?

KACEY: [anacheka] Nitamuuliza.

HASLAM: Usicheke. Bado nimekasirika.

KACEY: Naisikia hasira yako.

HASLAM: Hiyo ya mama wa uongo nimeisamehe. Hiyo ya soseji nitaifikiria.

KACEY: Bosi... betri yangu iko mwishoni, imebaki nyekundu. Niambie tu kitu kimoja. Kesho.

HASLAM: Kesho nini?

KACEY: Sahihi. Usinizungushe. Ile nusu ya pili mimi siwezi kukuahidi. Desmond hayupo, na hao wa Bolton wanasema watauliza serikali lakini hawajui. Huenda ukanipeleka shule, siku moja kila wiki huna mtu wa kukusaidia, na usipate senti nyingine. Sitaki utie sahihi kwa huruma halafu mwezi ujao uanze kunihesabia.

HASLAM: Nani ana huruma? Wewe ndiye pekee pale dukani anayeweza kutoa mfupa wa bega bila kuacha nyama ya kulisha mbwa. Mimi mwenyewe mkono umeanza kutetemeka, umeshaona, usijifanye hujaona.

KACEY: Nimeona.

HASLAM: Na hukusema.

KACEY: Haikuwa yangu kusema.

HASLAM: Basi. Nusu ya pili ikija, ije. Isipokuja, mota inazunguka. Nitatia sahihi.

KACEY: Asante. Asante sana, bosi.

HASLAM: Kitu kingine. Avril yuko nyuma, anasugua meza. Amesikia nikipiga kelele za soseji, ataniuliza. Naweza kumwambia?

KACEY: ...Unaniomba ruhusa?

HASLAM: Si ndiyo utaratibu? Ni habari yako.

KACEY: Mwambie. Ila wateja, hapana. Na yeye asianze kunikumbatia mbele ya foleni.

HASLAM: Wateja wananiuliza bei tu. Avril simwezi, nisikudanganye. Ngoja. [sauti mbali] ...Haya. Nimemwambia.

KACEY: Haraka hivyo? Amesema nini?

HASLAM: Amekaa chini. Sikiliza, kabla betri haijafa. Yule mama wa Bolton kesho atakuandikisha upya, mambo yako yote ya zamani yamefungiwa Rochdale. Atakuuliza jina la mtu wa kupigiwa simu ukijikata.

KACEY: Hapo huwa naacha wazi.

HASLAM: Kwangu haachi mtu wazi. Kuna msumeno mle ndani. Mtaje Avril.

KACEY: Bi Avril?

HASLAM: Ndiyo. Mimi nikiona damu ya mtu naanguka.

KACEY: Wewe? Mwenye bucha?

HASLAM: Ya nguruwe ni nyingine. Mtaje Avril Haslam, namba ni hiihii ya dukani.

KACEY: Halafu watauliza uhusiano. Huwa wanauliza, huyu ni nani yako. Niseme mke wa bosi?

HASLAM: Sema... sijui. Ngoja nimuulize mwenyewe. Avril! Wanataka uhusiano! Kacey aseme wewe ni nani wake?

KACEY: Bosi, simu inalia, inazima—

HASLAM: Ngoja, anajibu. Eh? Sema kwa nguvu, mama, acha kulia kwanza. ...Aha. Aha. Kacey, anasema useme—

KACEY: Bosi? [mkwaruzo] Bosi, sijapa—

HASLAM: Haloo? Kacey? Haloo! ...Imekata. Hapana, Avril, hakusikia. Usiniangalie hivyo. Vaa koti basi, gari liko nje, ukamwambie mwenyewe.